Leo Fender: Fundi wa redio asiyejua gita aliyebadilisha muziki wa dunia

KUNA watu ambao majina yao umeyasoma mara elfu moja bila kujua kwamba ni majina ya watu. Fender ni mmoja wao. Umeliona jina hilo kwenye gita la bendi ya kanisa, umeliona kwenye video za YouTube, na pengine uliwahi kununua fulana ya mitumba pale Gikomba iliyoandikwa hivyo ukadhani ni kampuni ya nguo.

Fender alikuwa mtu. Jina lake la kwanza ni Leo, na usilichanganye na leo ya kesho na kesho kutwa.

Kinachonishangaza kuhusu huyu jamaa ni hiki: alitengeneza magita na amplifaya zilizobeba muziki wa karne nzima, ilhali yeye mwenyewe hakujua kupiga gita. Hata kukaza nyuzi hadi zilingane sauti, alihitaji mwanamuziki amsaidie. Alikuwa fundi wa redio. Tena si fundi wa cheti. Chuoni alisomea uhasibu.

Alifariki 1991, kabla wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatujazaliwa. Lakini maisha yake yana mambo ambayo kijana wa mjini, mwenye hasla mbili na kazi isiyo na uhakika, atayaelewa haraka sana.

Boksi kutoka kwa anko

Clarence Leonidas Fender alizaliwa Agosti 10, 1909, kusini mwa jimbo la California, Marekani, karibu na miji ya Anaheim na Fullerton. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Si familia ya wanamuziki wakubwa, wala si familia ya wahandisi. Ni watu wa shamba.

Akiwa na umri wa miaka minane alipata uvimbe uliomfanya apoteze jicho la kushoto. Akawekewa jicho la kioo, akaishi nalo hadi mwisho. Fikiria mtoto wa darasa la pili au la tatu akianza maisha hivyo. Baadaye, vita vikuu vya pili vilipochacha, jicho hilo ndilo lililomzuia kuingizwa jeshini.

Alipofika miaka 14, anko wake aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari katika mji wa Santa Maria alimtumia boksi. Ndani mlikuwa na vipuri vya redio na betri. Miaka hiyo utangazaji wa redio ulikuwa mchanga kabisa, yaani kupata vipuri vile ilikuwa kama leo mtu kukuletea kompyuta ya kufungua na kuchezea. Mwaka uliofuata akamtembelea anko huyo, akakuta redio aliyokuwa ameiunda kwa vipuri alivyookoteza, ikinguruma kupitia spika. Sauti ile ilimwingia kichwani na haikutoka tena.

Akarudi nyumbani, akaanza kufungua redio. Alipokuwa bado shule ya upili, tayari alikuwa akirekebisha redio za watu nyumbani kwao.

Kibarua kinaota nyasi, mara ya kwanza na ya pili

Alimaliza shule ya upili 1928, akaingia Fullerton Junior College kusomea uhasibu. Darasa la elektroniki hakuwahi kukaa hata moja. Usiku alikuwa anajisomea vitabu vya sakiti na kufungua mashine, mchana anajumlisha hesabu za faida na hasara.

Alipotoka chuoni uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka. Akafanya kazi ya kusambaza barafu, kisha kampuni hiyo ikamfanya mtunza vitabu vya hesabu. Katika kipindi hicho kiongozi wa bendi mmoja alimwomba amtengenezee mitambo sita ya kupaza sauti kwa ajili ya dansi za Hollywood. Akaitengeneza. Hiyo ndiyo tunaita hasla ya pembeni.

Mwaka 1934 akamwoa Esther Klosky. Akapata kazi ya uhasibu katika idara ya barabara ya jimbo, huko San Luis Obispo. Idara ikapunguza watu, kibarua kikaota nyasi. Akahamia kampuni ya tairi. Baada ya miezi kama sita, wahasibu wakafutwa kazi naye akiwemo.

Sasa hapa ndipo hadithi nyingi za mtaani huishia. Mtu ana mke, amefutwa kazi mara mbili, uchumi umelala. Leo alikopa dola 600, akarudi Fullerton na Esther, na mwaka 1938 akafungua duka la kurekebisha redio. Hakulipa jina la kuvutia. Aliliita tu kwa jina lake na kazi yake: huduma ya redio ya Fender.

Kwenye meza ya fundi

Ili uelewe alichokiona Leo pale dukani, lazima tuongee kidogo kuhusu valvu.

Uliza babu yako kuhusu redio ya valvu. Atakuambia ukiiwasha, unangoja kwanza. Valvu ni kama globu ndogo ya kioo isiyo na hewa ndani. Katikati kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto hadi kinaanza kutoa elektroni. Pembeni kuna bamba la chuma lenye volti nyingi linalozivuta elektroni hizo. Kati yao kuna wavu mwembamba wa waya. Ukipeleka umeme mdogo sana kwenye huo wavu, kwa mfano ule unaotoka kwenye nyuzi za gita, unakuwa kama mlango unaofunguka na kufunga: mkondo mkubwa unaokwenda kwenye bamba unafuata kila mtetemo wa ule mdogo. Kitu kidogo kinaongoza kitu kikubwa. Hapo ndipo sauti inapokua.

Amplifaya nzima ni mambo machache tu. Kuna transfoma ya kupandisha umeme wa ukutani, valvu ya kuugeuza uende upande mmoja, kapasita kubwa za kuulainisha, valvu ndogo ya kukuza mawimbi ya gita, valvu kubwa ya kuyapa nguvu, na transfoma nyingine ya kuyapeleka kwenye spika. Amplifaya ndogo ya Fender iliyokuja kuitwa Champ ilikuwa na valvu tatu pekee: 12AX7 moja, 6V6 moja na 5Y3 moja. Nguvu yake ilikuwa kama wati tano. Wanamuziki bado wanaitafuta kama dhahabu.

Wateja wa Leo walimletea redio, santuri, mitambo ya kupaza sauti, na amplifaya za magita ambazo wakati huo zilikuwa kitu kipya. Kila iliyokuja ilikuwa imekufa kwa sababu fulani. Hii imeungua transfoma kwa sababu mwenye kiwanda aliweka ndogo ili apunguze gharama. Ile inanguruma kwa sababu kapasita zimechoka. Nyingine waya umekatika kwa sababu mwanamuziki huitupa nyuma ya gari kila Jumamosi usiku.

Fundi anayerekebisha kazi za wengine kwa miaka mingi anapata elimu ambayo haiuzwi popote. Anajua kila kitu kinafia wapi. Leo aliishika elimu hiyo akaigeuza kuwa kiwanda.

Karakana yageuka kampuni

Miaka ya vita alikutana na Clayton Kauffman, mwanamuziki na mbunifu ambaye wengi walimwita Doc. Wawili hao walianza kutengeneza magita ya kulaza mapajani, yale ya sauti ya kuteleza unayosikia katika muziki wa Hawaii na wa kantri, pamoja na amplifaya zake. Mwaka 1944 waliomba hataza ya kinasa sauti chao. Kampuni wakaiita K&F. Lakini Kauffman hakuwa na moyo wa kuzama kwenye biashara kubwa, na 1946 akatoka. Leo akaendelea peke yake na kampuni akaipa jina la Fender.

Amplifaya za kwanza zilikuwa na kabati za mbao ngumu zinazong'aa. Baadaye akazivalisha kitambaa kigumu cha rangi ya manjano ya mchanga, kama kile cha masanduku ya safari ya enzi hizo. Haikuwa urembo tu. Kitambaa kile kilivumilia kubebwa, kusukumwa na kuangushwa.

Halafu akaingia kwenye magita ya kawaida. Shida ya enzi hiyo ilikuwa hii: gita lenye tumbo wazi, ukiliunganisha na amplifaya na kupandisha sauti, linaanza kulia lenyewe, wiiii, kama maikrofoni iliyoelekezwa kwa spika kwenye harusi. Leo hakuwa wa kwanza kufikiria gita la ubao mzima usio na tundu. Wengine California walikuwa wameshajaribu, wakitengeneza moja moja kwa mkono. Yeye alilitengeneza kwa njia ambayo kiwanda kingetoa mengi na fundi yeyote angeyarekebisha. Shingo ya gita, ambayo kwa kawaida hugundishwa kwa gundi, yeye aliifunga kwa skrubu nne. Ikivunjika unafungua, unaweka nyingine, unaenda kwa shoo.

Gita hilo lilitoka 1950, na baada ya kubadilishwa jina likawa Telecaster mwaka 1951. Mwaka huohuo akatoa gita la besi, Precision Bass. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba chombo kikubwa kuliko yeye mwenyewe na sauti yake ilimezwa na ngoma. Hebu fikiria rumba na benga bila gita la besi. Kila unaposikia ile besi ikitembea chini ya magita ya bendi zetu, kuna mkono wa huyu mhasibu wa California mle ndani.

Mwaka 1954 ikafuata Stratocaster. Ndiyo ile aliyoipiga Jimi Hendrix katika tamasha la Woodstock mwaka 1969.

Kuna kichekesho kimoja kinachoonyesha kwamba Leo alikuwa mtu wa waya zaidi ya muziki. Wanamuziki wana maneno mawili: moja la sauti inayopanda na kushuka kwa ukali, jingine la sauti inayopungua na kuongezeka kwa nguvu. Leo aliyabadilishana. Mkono wa chuma wa gita akaupa jina la athari ya amplifaya, na athari ya amplifaya akaipa jina la mkono wa gita. Hadi sasa kosa hilo halijasahihishwa na dunia nzima imelizoea.

Aliyesikiliza kuliko wote

Kwa kuwa hakujua kupiga, ilimbidi asikilize. Wanamuziki waliingia na kutoka kiwandani kwake. Aliwapa amplifaya wakapige nazo wikendi, wairudishe Jumatatu na malalamiko. Yeye alitaka malalamiko kuliko sifa.

Mpiga gita Dick Dale, aliyekuwa akijaza ukumbi wa dansi wa Rendezvous ufukweni Balboa, alipiga kwa sauti ya juu hadi akawa anaunguza amplifaya na spika moja baada ya nyingine. Leo na msaidizi wake Freddie Tavares walienda ukumbini kujionea wenyewe. Waliposimama katikati ya umati ule ndipo walipoelewa: kilichotosha karakanani hakikutosha hapa. Wakarudi wakatengeneza amplifaya yenye transfoma kubwa zaidi, wakatafuta spika ya inchi 15 inayostahimili.

Na kuna jambo jingine ambalo Leo hakulipanga. Yeye alitaka sauti safi. Kwake amplifaya ikianza kukwaruza, hiyo ni hitilafu. Wapigaji wa bluzi na rock wakazungusha sauti hadi mwisho, valvu zikazidiwa, gita likaanza kunguruma kama simba, nao wakapenda hivyo. Mngurumo huo ukawa rock yenyewe.

Kule London, mpiga ngoma na mwenye duka la vyombo vya muziki aitwaye Jim Marshall aliona vijana wanataka amplifaya ya Fender iitwayo Bassman, ila bei yake baada ya kuvuka bahari ilikuwa ya kuumiza. Yeye na mafundi wake wakaichunguza sakiti ya Bassman na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakatengeneza yao kwa vipuri vya Uingereza. Ndiyo amplifaya ya kwanza ya Marshall. Kwa hivyo zile kampuni mbili ambazo mashabiki hupigania mtandaoni, mizizi yake ni karatasi moja.

Fundi anayemfikiria fundi

Hapa ndipo mimi nilipompenda huyu buda.

Fungua mgongo wa amplifaya ya Fender ya miaka ya 1950. Ndani ya kabati utakuta karatasi imebandikwa, ikionyesha kila valvu inakaa wapi na ni ya namba gani. Hukuhitaji kumpigia mtu simu. Ukitoa skrubu chache na kushusha kibao cha nyuma, unaona vipuri vyote vimepangwa kwenye ubao mmoja kwa mstari, kila rezista na kila kapasita ikionekana na kufikika kwa chuma cha kulehemu. Kampuni pia ilichora michoro ya sakiti ambayo mafundi wanaitumia hadi sasa. Kazi hiyo ya waya ilifanywa kwa mkono, kwa sehemu kubwa na wanawake, wengi wao wenye asili ya Mexico, na katika baadhi ya amplifaya unakuta kipande cha tepe chenye jina la aliyeiunganisha.

Ndiyo maana amplifaya ya miaka 60 na zaidi bado inaweza kufufuliwa mezani kwa vifaa vya kawaida. Na kwa sababu najua kuna msomaji ambaye ana redio au amplifaya ya valvu kwa stoo ya nyanya yake, acha niseme mambo ya kweli.

Kwanza, usiichomeke ukutani kuona kama inafanya kazi. Za Marekani zilitengenezwa kwa volti kama 120 na umeme wetu ni 240. Bila transfoma ya kushusha, utaona moshi kabla ya kusikia muziki. Hata ukiwa na transfoma hiyo, mafundi makini huiwasha mara ya kwanza ikiwa imeunganishwa kwa mfululizo na balbu ya zamani ya waya. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna mahali umeme umekatiza njia. Izime.

Pili, ndani kuna volti zinazoua. Hata ile ndogo ina zaidi ya 300, kubwa zinapita 400, na kapasita zinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomoa waya. Fundi humwaga umeme huo kupitia rezista, kisha anapima kwa mita kuhakikisha, ndipo anaingiza mkono. Kama hujui kufanya hivyo, hapo ndipo unamwita anayejua. Si aibu.

Tatu, dalili zinaongea. Mngurumo mzito usiokoma hata ukishusha sauti, mara nyingi ni zile kapasita kubwa za kulainisha umeme zimekauka. Hizo huzeeka hata mashine ikiwa haitumiki. Valvu ya nguvu ikianza kuwa nyekundu kwenye bamba lake, izime haraka. Huenda valvu yenyewe imeharibika, au kapasita ndogo inayoitangulia inavujisha umeme usiotakiwa kwenye wavu. Ukigonga valvu taratibu kwa penseli ikalia kama kengele kwenye spika, hiyo valvu imelegea ndani. Ikikwaruza unapozungusha kitufe cha sauti, labda ni vumbi tu. Na usiwashe amplifaya ya valvu bila spika, kwa sababu transfoma ya kutoa sauti inaweza kuungua.

Nne, nyingi za zamani zina waya wa nyaya mbili usio na ardhi. Kuweka waya mpya wenye ardhi si kuharibu historia. Ni kumlinda mtu atakayeshika gita.

Kilichobaki, kama hakijaharibika, kiache. Fundi mzuri hubadilisha kilichokufa na kuacha kilicho hai.

Alipouza kila kitu

Katikati ya miaka ya 1950 Leo alianza kuugua maambukizi ya bakteria kwenye mianzi ya pua na kichwani. Dawa hazikusaidia. Mwaka baada ya mwaka alizidi kudhoofika, hadi akaamini kwamba anakufa. Mtu anayedhani hana muda hupanga mambo yake. Mwezi Januari 1965 kampuni ikauzwa kwa shirika kubwa la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Kutoka mkopo wa dola 600 hadi milioni 13 katika miaka 27.

Halafu akapona. Aliwahi kubadilisha daktari, na mwaka 1968 ugonjwa uliomsumbua kwa zaidi ya miaka kumi ukaisha.

Jiweke mahali pake. Una afya, una chapaa, ila jina lako ni mali ya watu wengine. Chini ya CBS wanamuziki wengi walianza kulalamika kwamba ubora umeshuka, na ndipo hadithi ya vyombo vya kabla ya CBS ikaanza. Hadi sasa gita au amplifaya iliyotoka kabla ya 1965 inauzwa ghali mno. Leo alikuwa amejifunga kwa mkataba asishindane nao kwa miaka kumi. Angekaa ufukweni avue samaki. Nani angemlaumu?

Muda huo ulipoisha alikuwa tayari ameshika chuma cha kulehemu. Mwaka 1975 akatangazwa kuwa rais wa Music Man, kampuni iliyoanzishwa na watu aliowahi kufanya nao kazi, na 1976 ikatoka besi yao ya StingRay ambayo bado ni kipenzi cha wengi. Kisha akaanzisha G&L pamoja na rafiki yake wa siku nyingi George Fullerton, karakana ikiwa kwenye barabara iliyopewa jina lake mwenyewe. Barabara iliruhusiwa kuitwa Fender. Gita lake jipya halikuruhusiwa.

Esther alifariki 1979, na mwaka uliofuata Leo akaoa tena. Miaka yake ya mwisho alipambana na ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono, na kwa fundi hakuna kitu kingine cha kazi ila mikono. Hata hivyo aliendelea kufika kwenye meza yake ya kazi hadi siku zake za mwisho. Alifariki Machi 21, 1991, akiwa na miaka 81. Mwaka mmoja baadaye jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa rock, yeye ambaye hakupiga wimbo hata mmoja wa gita.

Tusijidanganye

Najua kuna mtu atasoma hii na kusema, si unaona, hata Fender hakusomea elektroniki, shule ni ya nini? Nami nilitoka chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo kishawishi hicho nakijua vizuri. Lakini hebu isome tena hadithi yenyewe. Leo alisoma kuliko walioketi darasani. Alisoma usiku, akasoma kwa kufungua mashine zilizokufa, akasoma kwa miaka 15 tangu lile boksi la anko hadi siku alipofungua duka. Na ule uhasibu uliomfanya afutwe kazi mara mbili ndio uliomsaidia kujua senti ya kila skrubu.

Kutokuwa na cheti hakukumfanya fundi. Kazi ndiyo ilimfanya.

Ukipita Luthuli Avenue wiki hii, mwangalie yule jamaa aliyeinamia redio kwenye kibanda, miwani imeteremka puani, moshi wa lehemu unapanda. Ukiwa na kitu kilichokufa nyumbani, mpelekee kabla ya kukitupa. Kisha simama hapo dakika kumi umuulize kilikufa kwa nini. Huenda akakujibu, na huenda jibu hilo likawa boksi lako la kwanza.